Bunduki Inunuliwe Mwisho: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Easofti

Barua za toleo hili nyingi zimekuja na easofti, ule mchezo wa vita vya kuigiza ambao watu wanarushiana vigoroli vya plastiki vya milimita 6, kwa hiyo safu yote nimeipeleka huko. Wa baiskeli mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

Mambo vipi fundi. Nataka kuanza easofti na nimejichanga hela ya kutosha bunduki moja kali ya umeme, bodi ya chuma, pamoja na betri ya lipo (ile ya kuchaji ya lithiamu polima) ya volti 11.1 ambayo washkaji wanasema ndo inafanya bunduki imwage goroli haraka. Hapo nimekamilika au kuna kitu nimesahau? – Mgeni wa Mchezo

Poa mdogo wangu. Hujakamilika hata robo, na usinikasirikie. Bunduki ndo kitu cha mwisho kununua, kwa sababu ni kitu ambacho uwanja utakukodishia bila shida, halafu ukikodi mara kadhaa ndo unajua kama we ni mtu wa kukimbia na bunduki fupi au wa kulala kichakani, maana watu wengi wananunua ile ndefu yenye darubini kisha wanakuja kugundua kukaa sehemu moja saa nzima hawawezi.

Hela ya kwanza iende kwenye macho. Goroli ya gramu 0.20 ikitoka kwa mita 100 kwa sekunde inabeba nguvu ya jouli 1, jouli ndo kipimo cha nguvu ya pigo. Kwenye mkono itakuachia alama nyekundu, utasema "aii" yataisha, ila jicho halina mjadala kwenye hiyo nguvu. Miwani ya jua haifai, ya kusomea haifai, ya kuogelea ndo usiniambie kabisa. Geuza hiyo miwani uangalie maandishi madogo kwenye kioo na kwenye fremu. Kama imepimwa kwa EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, utakuta herufi: F maana yake ilipigwa na kigoroli cha chuma cha gramu 0.86 kwa mita 45 kwa sekunde, B ni mita 120, A ni mita 190. Sasa piga hesabu, F inatoka kama jouli 0.87, yaani iko chini ya bunduki ya kawaida kabisa ya mchezo, wakati B inapita jouli 6. Kwa hiyo tafuta B, na B hutaipata kwenye miwani ya kuning'iniza masikioni, hiyo kwa kiwango hicho inaishia F, lazima iwe ile ya kubana uso yenye mkanda nyuma ya kichwa.

Kuna watu watakushauri ya waya wavu kwa sababu haishiki ukungu. Kweli haishiki, lakini goroli za bei ya kutupa zinapasuka zikigonga waya na vipande vinapita, kwa hiyo wavu mi nauweka mdomoni na mashavuni, kulinda meno, juu nabaki na kioo. Ukungu dawa yake ni kioo cha tabaka mbili au kifeni kidogo cha betri, na hapo usibanie hela, maana jicho linaweza kumuumiza hata mwenye miwani nzuri, akiinyanyua "sekunde moja tu" afute jasho.

Ukishamaliza macho, viatu vinavyoshika kifundo cha mguu. Halafu chaja nzuri inayobalansi seli za betri, yani inajaza kila kipande cha ndani sawa na mwenzake, kisha goroli nzuri, kisha ndo tuongee bunduki. Na hiyo 11.1 iache kwanza. Bunduki nyingi za kuanzia zimetengenezwa kwa lipo ya 7.4, ukiichomeka 11.1 kweli itamwaga kama mvua, ila meno ya pistoni yanakatika na vile vishaba vya triga vinaungua, utakuja kuniandikia tena. Lipo yenyewe ina adabu zake: seli ikijaa ni volti 4.2, usiiache ishuke chini ya 3, ukiiweka kabatini wiki nzima iwe kwenye 3.8 hivi, ikivimba usiibonyeze wala kuichaji tena, na usichaji ukaenda kulala.

Afu kabla hujaagiza chochote kutoka nje, kaulize polisi wa ulipo na watu wa forodha. Sheria zinatofautiana sana, Japani mwisho ni jouli 0.98, Uingereza wanaruhusu 1.3 kwa inayomwaga mfululizo na 2.5 kwa inayopiga moja moja, na kuna nchi hairuhusiwi kabisa. Ukiwa nayo njiani ikae kwenye begi lililofungwa, betri nje. Mpita njia hajui kama ni ya mchezo, na askari naye hajui.

Fundi, bunduki yangu zamani ilikuwa inapiga mbali na moja kwa moja, sa hivi goroli zinapanda juu kama zinaenda mbinguni, zingine zinakunja kushoto. Nibadilishe springi? – Abuu

Springi iache Abuu. Hiyo ni hopapu, kile kimpira kinachokandamiza goroli kwa juu ikitoka ili izunguke kinyumenyume, ule mzunguko ndo unaoibeba hewani. Umekaza sana, goroli inapanda, legeza kidogo kidogo huku unapiga moja moja mpaka iende sambamba na ardhi halafu idondoke mwishoni. Kama unatumia goroli za gramu 0.20 panda 0.25 au 0.28, nzito haisumbuliwi sana na upepo. Ya kukunja kushoto ni uchafu au kimpira kimekaa upande, safisha mtutu kwa kile kijiti na kitambaa kikavu, na silikoni usiimwagie humo ndani maana kimpira kikilowa mafuta hakishiki goroli mpaka ukaushe.

Na swali ambalo hukuuliza ila najua jibu lake: hizo goroli uliokota chini, sio? Acha. Zina mchanga, zina mikwaruzo, moja tu iliyopasuka inakwama na kukuchania kimpira.

Shikamoo fundi. Mimi na kaka zangu tuna eneo la familia, miti mingi na mabanda ya zamani ya kuku, tunataka kufungua uwanja wa easofti. Ndugu wote wanaona ni hela ya bure, ardhi ipo, watu wanalipa kiingilio, basi. Mimi ndo nimepewa kuandika bajeti na naona kama kuna vitu vimejificha. Nianzie wapi? – Dada wa Bajeti

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kushtuka mapema, maana hao kaka zako wanaona bunduki na moshi, hawaoni choo.

Usianze na hela, hesabu kwa viingilio. Yani kila gharama iulize: hii ni watu wangapi wakilipa getini? Nakupa mfano wa kubuni tu, namba zako utaweka mwenyewe. Tuseme gharama ambazo mvua inyeshe isinyeshe zipo, bima ya kuumia watu, mlinzi, kufyeka, kibali, na kodi ya ardhi (ndio, hata ya familia iwekeeni kodi, siku ndugu mmoja akitaka chake mtaelewa kwa nini), kwa mwezi ni viingilio 40. Mnacheza siku nne kwa mwezi, kila siku inabeba 10. Marefa watatu, kila mmoja analipwa sawa na viingilio viwili, hapo 6. Mafuta ya genereta, maji, usafi, sanduku la huduma ya kwanza, weka 4. Kwa hiyo mchezaji wa kwanza hadi wa 20 hawajakuletea faida hata senti, wa 21 ndo wako. Sasa mvua iharibu siku mbili. Zile 40 zinabebwa na siku mbili, 20 kila moja, ukijumlisha na zile 10 za siku yenyewe unahitaji watu 30. Uwanja haukubadilika, bei haikubadilika, ila umetoka 20 hadi 30 kwa sababu ya mawingu. Hapo ndo uwanja unaweza kufia. Kwa hiyo kabla ya kununua hata bunduki moja weka pembeni akiba ya miezi ya mvua, na hayo mabanda ya kuku msiyabomoe, yaezekeni vizuri mpate sehemu ya kucheza mvua ikinyesha, itawalipa kuliko minara ya mbao ambayo kaka zako najua wameshaichora.

Bunduki za kukodisha ndo zinaleta hela nyingi kwa kichwa, na ndo zinakula. Mtu wa kukodi haitunzi, anaishikia kwenye mtutu, anaidondosha, anaweka mchanga kwenye magazini, kile kikasha cha goroli. Nunueni za aina moja tu, zote, ili moja ikifa iwe spea ya wenzake, bodi ya plastiki ngumu, zifungwe zipige moja moja, betri 7.4. Mkitaka kukodisha kumi muwe nazo kumi na tatu. Barakoa za kukodisha zina gharama yake pia, kioo kikishakwaruzika hakuna mtu anaona, na ile ya kunuka jasho la mtu wa jana inafukuza wateja kuliko bei. Wekeni dawa ya kuua vijidudu, vioo vya akiba, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Ila usiwadharau wenye bunduki zao kwa kuwa wanalipa kiingilio peke yake. Kundi la sherehe linakuja leo kwa kelele halafu hamuonani tena, hawa wa kila wiki ndo wanafanya uwanja uwe na watu siku ya baridi, na ndo wananunua goroli kwenu. Wapeni kivuli, meza na sehemu salama ya kuchajia betri, ndoo ya mchanga pembeni.

Sehemu ya kupumzikia izungushieni neti pande zote, humo ndani magazini inatolewa, hakuna kufyatua hata kwa utani. Kifaa cha kupimia kasi msikose, na mpime kila bunduki kila siku, kwa goroli ambazo mwenyewe anaenda kuzitumia, maana hapo ndo kuna wajanja. Jouli 1 kwa goroli ya 0.20 ni mita 100 kwa sekunde, kwa 0.25 ni kama 89, kwa 0.30 ni kama 82. Sasa kuna bunduki za gesi na za hewa ya mtungi ambazo ukiziwekea goroli nzito nguvu inaongezeka badala ya kubaki palepale, mtu anapimwa na 0.20 anapita kwa tabasamu, akiingia msituni anapakia 0.40. Refa akiona mita tu bila kuuliza uzito, hajapima kitu.

Marefa walipeni, wale wa kujitolea siku ya tatu utawakuta na wao wanacheza. Na choo mwanangu, choo cha kueleweka, cha kina mama na cha kina baba. Utanishukuru.

Uwanja wetu unalazimisha goroli za kuoza na ni ghali kuliko za kawaida. Ni biashara tu au kuna maana? – Mbahili

Maana ipo. Uwanja mmoja siku moja unamwagiwa goroli maelfu kwa maelfu na hakuna binadamu wa kuziokota zote, zile za kawaida zinabaki kwenye udongo miaka na miaka, mwenye ardhi akichoka anawafukuza mnahama. Za kuoza nyingi ni plastiki ya PLA inayotokana na wanga wa mimea, na usifikiri zinayeyuka wiki ijayo, nazo zinachukua muda, ila angalau mwisho wake unajulikana. Kasoro yake ni unyevu, ukiacha mfuko wazi zinavuta maji, zinavimba na kukwama kwenye mtutu, kwa hiyo nunua mifuko midogo, funga kwa kubana, na zile zilizobaki kwenye magazini tangu msimu uliopita zitupe kabla hujapanga foleni ya kupimwa.