Diski mpya ya TB 1, C bado GB 237

Umenakili diski ya zamani kwenye diski mpya ya TB 1, lakini C (sehemu ya diski yenye Windows) bado inaonyesha GB 237. Diski yako mpya haina kasoro. Kunakili huhamisha data pamoja na mipaka ya zamani ya sehemu za diski, kwa hiyo nafasi iliyoongezeka imebaki tupu mwishoni. Kinachokuzuia kupanua C ni ile sehemu ndogo ya urejeshaji (ya kurekebisha Windows ikiharibika) iliyokaa kati ya C na nafasi tupu: Disk Management, programu ya Windows ya kugawa diski, hupanua C pale tu nafasi tupu inapopakana nayo upande wa kulia. Usiifute sehemu hiyo ya urejeshaji. Kwanza zima BitLocker (inayosimba data ya diski kwa siri) na usubiri imalize kabisa kuisimbua, zima pia Fast Startup (uwashaji wa haraka wa Windows), la sivyo GParted, programu ya kugawa diski, itakataa kugusa C. Kisha washa kompyuta kwa flashi yenye GParted, sogeza sehemu ya urejeshaji hadi mwisho wa diski, panua C. Laptopu iwe kwenye chaja. Umeme ukikatika katikati, data inaweza kuharibika. Diski ya zamani usiifomati kwanza.