“Resemble”: kwa nini haitaki “with” wala “to”

Mkuu umeuliza maana ya kitenzi cha Kiingereza “resemble”, na kama ile “re” ya mwanzo ina maana ya kurudia, kama ilivyo kwenye “return”. Maana yake ni kufanana na mtu au kitu, hasa kwa sura. Kurudia hakumo.

Neno ni la Kifaransa cha kale, “resembler”, na liliingia Kiingereza karne ya 14, enzi ambazo Kifaransa kilichofika Uingereza na Wanormani mwaka 1066 kilikuwa bado kinamwaga maneno huko. Ile “re” inatia mkazo tu. Kiini ni “sembler”, kuonekana kama, kutoka Kilatini “similis”, yaani -enye kufanana. “Similar” na “simulate” ni ndugu zake. Hata “assemble”, kukusanya, ni wa ukoo huohuo, maana Kilatini “simul” ni pamoja.

Sasa pale tunapoteleza wengi. Nikiwa kidato cha tatu niliandika kwenye insha “She resembles with her mother”. Mwalimu akaizungushia ile “with” kalamu nyekundu, alama zikakatwa, maelezo hakuna. Iliniuma, maana nilikuwa na uhakika nimepatia. Nimekuja kuelewa sababu miaka mingi baadaye, nami nikiwa nafundisha.

Sababu ni Kiswahili chetu. “Fanana” ina -ana ya kutendana, kama pendana na gombana, kwa hiyo lazima useme fanana NA mama yake. Tunaibeba hiyo “na” hadi kwenye Kiingereza. Lakini tunacho kitenzi kingine, shabihi, tulichokitoa kwenye Kiarabu: Asha anamshabihi mama yake. Hapo hakuna “na”, mama anapokea kitendo moja kwa moja. “Resemble” inakwenda hivyohivyo: She resembles her mother. Wanafunzi wangu nawaambia, ukitaka kuiandika, kichwani weka shabihi, fanana iache kando. Makosa yamepungua sana.

Tena usiandike “is resembling”. Hiyo ni hali, haiko mbioni kutendeka. Ndiyo maana hata sisi husema “mtoto amefanana na baba yake”.

Na “take after” usiichanganye humo. Hiyo ni ya mtoto aliyechukua kwa wazazi au wakubwa wa ukoo, iwe sura au tabia. Nyumba mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, tumia “resemble”.