Lipasue Jiwe Kabla ya Kulipa Jina

Wewe unayeanza jiolojia, usikimbilie rangi. Jua na mvua hubadilisha ngozi ya jiwe, hata bazalti nyeusi, jiwe la lava iliyopoa, ikaonekana ya hudhurungi. Vaa miwani ya kukinga macho, lipasue kwa nyundo, kisha ukague uso mpya kwa lenzi ya kukuza mara 10. Lenzi ikae karibu na jicho. Jiwe ndilo ulisogeze.

Anza na ukubwa wa fuwele. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipoa polepole chini ya ardhi huzipa fuwele muda wa kukua. Ikishafika juu huitwa lava na hupoa haraka, fuwele zikabaki ndogo au zisiwepo kabisa. Ndiyo maana matale (graniti) ya Kit Mikayi, kule Seme, Kisumu, huonyesha madini ya feldispa na kwatzi bila hata lenzi, ilhali obsidiani, jiwe la volkano, ya Eburru kwenye Bonde la Ufa la Kenya ni kioo kitupu, kikali cha kukata kidole. Hapa wageni wengi hupotea: wanaona weusi, wanaandika bazalti. Obsidiani ina silika nyingi, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70, na weusi wake hutokana na chembe ndogo mno za madini ya chuma. Elekeza ukingo mwembamba kwenye jua. Obsidiani hupenyeza mwanga, bazalti haipenyezi.

Kisha tazama fuwele zimelala vipi. Za matale kwa kawaida hukaa bila mpangilio. Za naisi, jiwe lililogeuzwa ndani ya ardhi kama lile la West Pokot, zilipangwa na joto na mgandamizo, ndipo ikapata mistari myeusi na myeupe. Lakini mistari pekee haitoshi, kwa sababu lava nayo huchorwa mistari ikitiririka. Kagua nafasi iliyo kati ya mistari: kwenye lava utakuta kioo au chembe zisizoonekana, kwenye naisi, fuwele zimeshikana kote.

Marumaru (jiwe la chokaa lililogeuzwa) na kwatzaiti (jiwe la mchanga lililogeuzwa) hufanana sana, zote zimemeta kama sukari. Kwaruza kwa kisu cha chuma. Ukiona mstari wa kijivu, usifurahi bado. Ufute kwa kidole. Ukifutika, ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya kwatzaiti. Ukibaki mkwaruzo uliochimbika na unga mweupe, ni marumaru. Thibitisha kwa tone la asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10: marumaru ya kalisiti (madini ya chokaa) hutoa povu papo hapo, ya dolomiti (madini yenye magnesiamu pia) husubiri mpaka uisage kidogo. Bazalti yenye matundu yaliyojaa kalisiti nayo hutoa povu, kwa hiyo dondosha mbali na matundu.