Premio ya ekzosi mbili itapita inspekshen? Inategemea fundi ametoa nini katikati

Bosi wa Premio ya Kisumu, swali lako nimelisoma. Gari ni 1800, unataka kuiingiza kwa teksi ya app kwa hivyo lazima ipite inspekshen ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na kabla ya hapo fundi anakuambia akuwekee ekzosi mbili kama za Mark X halafu atoe katalisti (kile kikopo cha kusafisha moshi) ndio gari "ipumue". Mimi niko Nakuru, naendesha matatu ya viti saba ya kwenda huko kwenu, kila mwaka napeleka gari kukaguliwa, na binamu yangu kazi yake ni kuchomelea ekzosi, kwa hivyo hii maneno nimeiona kutoka juu ya gari na kutoka chini ya gari.

Bomba mbili zenyewe si kosa. Kuna gari kibao zinatoka kiwandani nazo na zinakaguliwa kila siku. Lakini Mark X ni V6, silinda tatu huku tatu kule, kila upande una manifoldi yake (bomba la kukusanya moshi kwa injini), kwa hivyo mbili zina maana. Premio yako ni silinda nne zimepangwa mstari mmoja, manifoldi moja, bomba moja hadi nyuma. Kitu fundi atakufanyia ni kukata bomba huko nyuma, aweke kiungo cha Y, achomelee sailensa mbili. Ni urembo tu. Sina shida na urembo, gari ni yako, lakini usidanganywe ati utapata nguvu. Na hiyo sauti ya Subaru mnayoitafuta haitoki kwa mabomba ya nyuma, ilitoka kwa heda za zamani (mabomba ya kwanza yanayotoka kwa injini) ambazo urefu wake haukulingana, ndio maana Legacy za Japani za kuanzia 2003 zilipowekewa heda za urefu sawa ule mngurumo ukaisha na watu wakalalamika.

Sasa hapo kwa katalisti ndio uache kila kitu unisikize. Ndani ya kile kikopo kuna kauri yenye vitundu kama sega la nyuki, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo ukiwa moto, kaboni monoksidi inageuka kaboni dayoksidi, petroli ambayo haikuungua inamalizikia hapo, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa. Hayo madini ni pesa. Kuna watu wanazunguka gereji za hapa na za huko Kisumu wakinunua katalisti kuukuu, na ndio sababu fundi mwingine atakuambia "nipe hiyo, mimi nakuwekea sailensa bure". Ukisikia neno bure hapo jua nani anapata faida.

Katalisti ikishatolewa, mashine ya kupima moshi itaonyesha, hakuna namna. Taa ya injini pia itawaka, namba ya kosa ni P0420, na kwa V6 upande wa pili ni P0430, kwa sababu kuna sensa ya oksijeni mbele na nyingine nyuma ya katalisti na kompyuta inazilinganisha. Mafundi wengine wanaweka kaspesa (kipande cha kuisogeza mbali na moshi) kwa ile sensa ya nyuma ndio taa izime. Taa inazima kweli, lakini moshi unabaki ule ule, na kile kijiti cha mashine kinachoingizwa kwa ekzosi hakisomi dashibodi.

Kitu kingine ambacho watu hawaongelei ni kuvuja. Ekzosi ya kuunganishwa ina viungo vingi kuliko ya kiwandani na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Mtu anafikiria ikivuja ni moshi kutoka nje tu, kumbe moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo moja na lingine hewa ya nje inavutwa kuingia. Ikiingia kabla ya sensa ya mbele, kompyuta inaona oksijeni nyingi, inadhani petroli ni kidogo, inaongeza. Sasa unakunywa mafuta bila sababu, na hiyo petroli ya ziada inaenda kuungulia kwa katalisti hadi inaikaanga. Ikiingia huko nyuma inachanganyika na moshi unaopimwa, lambda (kipimo cha hewa dhidi ya petroli) inapanda kupita moja, na mkaguzi anayejua kazi yake ataona mara moja kwamba hizo namba si za injini.

Binamu yangu anaangalia hivi: asubuhi injini ikiwa baridi, anawasha, mtu anaziba bomba na kitambaa kinene kilicholowa, na kama ni mbili zote mbili zizibwe pamoja kwa muda mfupi tu. Yeye analala chini anasikiza. Kama kuna mahali panavuja utasikia "tss" kwa flanji (pale bomba zinafungwa kwa bolti) ama kwa fleksi (kipande cha bomba kinachopinda), na mara nyingi kuna alama nyeusi ya masizi hapo hapo. Anapaka maji ya sabuni, povu linatoka, anaweka alama ya choki. Na kabla achomelee chochote tamino ya betri inatolewa, maana stima ya kuchomelea inaweza kuua kompyuta ya gari. Fundi akianza kuchoma na betri bado imefungwa, mwambie asimame.

Kwa kupima, ekzosi ya Y haina noma, upande wowote kijiti kikiingia ni moshi ule ule. Gari yenye mifumo miwili isiyokutana ndio ngumu, kwa sababu ukipima bomba moja umepima nusu ya injini. Kule California mashine zao huwekewa vijiti viwili kwa gari kama hizo, na Marekani yote kutoa katalisti ni kosa chini ya sheria yao ya Clean Air Act, hata gereji inashikwa.

Huku kwetu Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na kanuni zake zinataka sailensa inayofanya kazi, ukaguzi unafuata kiwango cha Kenya KS 1515, kile kile kinachosema gari za kuagizwa zisizidi miaka 8, halafu kuna kanuni za kelele za NEMA (mamlaka ya mazingira) za 2009. Na wale wa gari za kibinafsi msicheke sana, mwaka 2025 kulikuwa na rasimu ya kuwaleta pia kwa foleni gari ikishapita miaka 4.

Siku ya inspekshen usifike na gari baridi. Katalisti haianzi kazi hadi ipate joto, kitu kama digrii 250 na kuendelea, kwa hivyo izungushe vizuri kwanza, enda mpaka Mamboleo ama Kisian urudi, na kwa foleni usizime injini saa nzima.

Kama bado unataka hizo bomba mbili, mwambie fundi akate nyuma kabisa karibu na sailensa, unene wa bomba la katikati usiguswe (ukiweka nene kwa 1800 utakuja kunikumbuka ukipanda Mau Summit na abiria wanne), katalisti ibaki na sensa zote mbili zibaki. Piga picha chini ya gari kabla aanze, zile namba za kwa kikopo zionekane. Na ukae hapo hapo gereji mpaka amalize, usiende kula.