Utafiti wa kitabu cha watoto: mfano wa Siti binti Saad

Anayeandika wasifu wa watu wazima anaweza kusema "alihamia mjini mwaka 1911" akasonga mbele. Kwenye kitabu cha watoto sentensi hiyo itachorwa. Mchoraji atauliza: alivaa nini, alibeba nini, nyuma yake lionekane jengo gani? Kwa hiyo fanya utafiti ukiifikiria picha, si maneno peke yake.

Kabla ya kuandika, piga jedwali la safu nne: mwaka, tukio, chanzo, picha. Safu ya chanzo isibaki tupu. Mihimili ya maisha ya Siti, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, haizidi mitano: kuzaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, kutembeza vyungu vya kuuza, kuhamia mjini 1911, kwenda Bombay kurekodi 1928, kufariki 1950. Acha "yapata 1880" hivyo hivyo. Usimbunie siku ya kuzaliwa kwa kuwa tu watoto wanazipenda.

Chanzo cha kwanza ni wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Usome mara mbili: kwanza kwa ajili ya matukio, kisha ukitia alama kila anaposifu au kufundisha adabu, maana sifa ni maoni yake. Kurasa za mtandaoni nyingi zimenakiliana. Kumi zikirudia maneno yale yale, zihesabu kuwa chanzo kimoja. Ukihitaji picha za zamani, nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, na uulize mapema masharti na gharama ya kuzichapisha. Suala la kibali likiachwa hadi mwisho, kitabu hukwama kikiwa tayari kwa mtambo.

Mambo madogo ndiyo yanayoharibu. Zanzibar ilitumia rupia hadi 1936, hivyo mteja wa vyungu hawezi kutoa shilingi. Ule mnara wa saa wa Beit el Ajaib, jumba la sultani mjini Unguja, uliozoeleka kwenye picha haukuwapo kabla Waingereza hawajaushambulia mji kwa mizinga Agosti 1896. Usiuweke nyuma ya Siti akiwa msichana. Nguo ya mwanamke maskini wa shamba ilikuwa kaniki, kitambaa cha pamba cha rangi nyeusi au buluu iliyokolea, na mchoraji asiyeijua atamvika kanga ya maua ya dukani leo. Mpe picha ya kaniki yenyewe.

Nyimbo nazo zina mtego. Upande mmoja wa sahani ya santuri ya inchi 10 ulibeba dakika tatu hivi, basi tunachosikia leo ni wimbo uliobanwa ukatoshea hapo. Usimweleze mtoto kwamba taarabu ya usiku kucha ilikuwa hivyo. Sikiliza pamoja na mtu aliyekulia Unguja, kwa sababu sahani zimechakaa na maneno hupotea kwenye mkwaruzo.

Kwa wazee, swali zuri ni: "Bibi, hilo uliliona mwenyewe au ulihadithiwa?" Aliyemsikia Siti akiimba leo ni mtu wa miaka zaidi ya 80, na wakati huo alikuwa mtoto. Ukiuliza "Siti alikuwa mkarimu?" utajibiwa ndiyo kwa heshima tu. Uliza santuri ilipigwa nyumba ya nani, watoto walikaa wapi, walifukuzwa saa ngapi. Majibu ya namna hiyo yanachoreka.

Utumwa usiuruke. Siti alipewa jina la Mtumwa alipozaliwa, na utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu. Kuna waandishi wanaoanzia kwenye jina la Siti, alilopewa baadaye, ili kumkinga msomaji. Matokeo yake mtoto haoni alikotoka wala kwa nini safari ya Bombay ilikuwa jambo kubwa. Sentensi mbili zilizo wazi zinamtosha mtoto wa miaka minane. Wimbo wake wa Kijiti, unaohusu mauaji, huo waachie wakubwa.

Mazungumzo uliyoyabuni yasemwe kuwa ni ya kubuni, kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi zinazosomeka. Na kabla rangi haijawekwa, mpelekee mpigaji taarabu michoro ya penseli aangalie namna udi na fidla zilivyoshikwa. Kurekebisha penseli ni kazi ya dakika chache. Rangi ikishakauka, utalipia ukurasa mzima upya.