Swali la lugha: "malori ya masafa yaliyoongezwa" ni kitu gani?

Dada mmoja anayetafsiri habari za magari kaniandikia hivi: "Mwalimu shikamoo. Nimepewa habari ya Marekani, inahusu watu kule wanavyozitaka gari za umeme za kubebea mizigo ambazo hazijatoka bado. Nikaandika: 'Wanunuzi wana msisimko mkubwa kuhusu malori yajayo ya umeme kamili na yale ya masafa yaliyoongezwa.' Mhariri kairudisha, anasema haieleweki, lakini hajaniambia kosa liko wapi. Naomba unisaidie."

Marahaba dada yangu. Sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja, na ndo maana mhariri wako kashindwa kuonyesha kidole. Tatizo ni kwamba kila neno umelitafutia mwenzake wa Kiswahili moja moja bila kuuliza hiyo gari yenyewe inafanyaje kazi, na neno la kitu cha ufundi ukilitafuta hivyo utalipata kweli ila halitakuwa linakitaja kile kitu.

Tuanze na "malori" maana hilo ni jepesi. Mmarekani ana neno moja, truck, linalobeba kuanzia gari la tani thelathini mpaka lile analoendea kazini na koleo nyuma. Sisi tunatenganisha. Lori ni lori, na lori la umeme lipo tayari, Tesla Semi kwa mfano ni lori kabisa. Habari yako inazungumzia Scout Terra, Ram 1500 na F-150 ya Ford, hizo zote ni pikapu. Ukiandika malori msomaji anaona matrela kichwani, na kuanzia hapo hamko pamoja tena.

Sasa "masafa yaliyoongezwa", hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kiini cha swali. Neno masafa lenyewe ni zuri na wala usiliache, tunalo siku zote, tunasema mbio za masafa marefu, makombora ya masafa ya kati, kila mtu anaelewa ni umbali ambao kitu kinaweza kwenda. Kinachoharibu ni hiyo "yaliyoongezwa". Ile -li- inalirudisha jambo nyuma, yaani kuna mtu alishaongeza, kiwandani labda, kaweka betri kubwa zaidi, kazi imeisha. Wakati ukweli wa hizi gari ni mwingine kabisa: ndani yake kuna injini ya petroli ambayo haizungushi tairi hata siku moja, kazi yake ni kuzungusha jenereta tu, jenereta inazalisha umeme wakati gari linatembea, na mota za umeme ndo zinasukuma tairi. Ram walipoionyesha yao mwaka 2023 walisema ina betri ya kilowati saa 92 na injini ya V6 ya lita 3.6 inayozungusha jenereta ya kilowati 130, wakalenga maili 145 kwa betri pekee na maili 690 kwa jumla, yaani kama kilomita 1,110. Hizo maili za ziada hazikuongezwa na mtu, zinaongezwa njiani ukiwa unaendesha.

Kuna waliojaribu kusema "pikapu ya masafa marefu" tu wakamaliza. Inavutia, lakini haitofautishi. Chevrolet Silverado ya umeme mtupu ina toleo linalopita maili 450 kwa chaji moja na haina tone la petroli, hiyo nayo si ya masafa marefu? Wengine wanasema mseto. Mi nawaomba sana neno mseto tulilinde, tayari lina kazi yake kwa zile gari ambazo injini na mota zote mbili zinaweza kusukuma tairi. Fikiria serikali ya mseto, vyama vyote vimeshika usukani pamoja. Kwenye hizi pikapu petroli haijashika usukani, inapeleka umeme tu kwa anayeendesha kazi. Ukiita zote mseto umemnyima msomaji jambo lile lile alilokuja kulisoma.

Sasa tuite nini? Kiswahili kina mtindo wake wa kuita vifaa kwa kazi vinayofanya: kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto. Kwa mtindo huo huo tunapata kirefusha masafa, na hakuna Mswahili atakayeuliza mara mbili kinafanya nini. Kwa habari ya gazeti mi ningeandika "pikapu za umeme zenye jenereta ya kurefusha masafa" mara ya kwanza, alafu baada ya hapo "zenye jenereta" inatosha. Ni ndefu kidogo, sawa, ila msomaji akimaliza kuisoma ameshajua gari lilivyo.

"Umeme kamili" nayo ina shida ndogo. Kamili ni kitu kisichopungua, kwa hiyo umeme kamili unafanya mtu ajiulize kama kuna gari zinatumia umeme nusu nusu. Na ukisema "linatumia umeme kikamilifu" ndo umepotea, hapo umelisifia kwamba halipotezi umeme. Sema umeme mtupu, kama tunavyosema uongo mtupu, yaani hamna kingine ndani. Ila chunga sana usije ukaandika gari la betri tupu, maana betri tupu ni ile iliyoisha chaji!

Alafu "yajayo". Kwa wakati haina ubaya, wiki ijayo, mwaka ujao. Kwa magari inaleta picha ya gari linalokuja barabarani upishe. Andika "zinazotarajiwa kutoka". Na napenda kutarajiwa kwa sababu nyingine pia, ni neno la kweli zaidi. Ram walikuwa wametangaza pikapu mbili, moja ya umeme mtupu jina lake REV na nyingine ya jenereta jina lake Ramcharger, mwezi wa 9 mwaka 2025 wakaifuta ya umeme mtupu na jina la REV wakaipa ile yenye jenereta. Desemba ya mwaka huo huo Ford nao wakasema F-150 Lightning ya umeme mtupu wanaiachisha, itakayofuata itakuwa na jenereta. Aliyekuwa ameandika "ijayo" kumbe alimuahidi msomaji kitu ambacho hakikuja.

Tumalizie na "wanunuzi wana msisimko". Msisimko ni wa mwili, nywele kusimama, unakuja kwa furaha, kwa baridi, hata kwa woga, na unapita. Na ukisema uweke hamasa badala yake, hiyo mtu anatiwa na mwingine. Hapa Kiswahili kinapenda kitenzi, wala hakihitaji nomino: wanazisubiri kwa hamu, au zaidi ya hapo, wanazichangamkia, maana kuchangamkia kuna kitendo ndani yake, mtu kanyanyuka kafanya jambo. Na watu wamefanya kweli, Scout inachukua dola 100 kushika nafasi, na kampuni yenyewe imesema zaidi ya asilimia 80 ya walioweka nafasi wametaka ile yenye jenereta. Lakini hizo dola zinarudishwa mtu akibadili mawazo, kwa hiyo sio kianzio, na aliyezitoa bado sio mnunuzi. Lightning ilikusanya karibu nafasi 200,000 mwaka 2021 kabla Ford hawajafunga orodha, waliokuja kununua kweli ni sehemu tu ya hao. Waite walioweka nafasi.

Kwa hiyo mhariri mpelekee hii: "Walioweka nafasi wanazichangamkia pikapu za umeme zinazotarajiwa kutoka, za umeme mtupu na hasa zenye jenereta ya kurefusha masafa." Hiyo "hasa" nimeiweka kwa sababu ya ile asilimia 80, kama habari yako haisemi hivyo itoe.

Na umeona pikapu nimezipa zi- kila mahali, pikapu hizi, zinazotarajiwa, zenye. Ukibadilisha lori kuwa pikapu usisahau kubadilisha na "yale" yako kuwa "zile", hapo ndo wengi wanapojikwaa wakati wa kusahihisha.