Barafu ya sentimita 10 inatosha kumbeba mvuvi?

SWALI: Wenzangu kazini wamenialika kwenda kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda. Sijawahi kukanyaga barafu maishani mwangu. Wao wanasema ikishafika unene wa sentimita 10, mtu hana haja ya kuwa na wasiwasi. Ni kweli? Na kwa kuwa fedha yangu ni kidogo, nianze kununua nini: fimbo nzuri, mashine ya kutobolea barafu, au hema?

JIBU: Ndugu msomaji, katika hivyo vitu vitatu ulivyovitaja hakuna hata kimoja ambacho ningekushauri ukinunue kwanza. Fimbo utaazima. Tundu mwenzako atakutobolea. Hema linaweza kusubiri msimu ujao. Kitu ambacho hakuna atakayekuazima kwa wakati ni kile unachokihitaji pale barafu inapokatika chini ya miguu yako. Kwa hiyo nunua mtaimbo, misumari ya kujiokolea na jaketi la kuokolea maisha. Nitaeleza kila kimoja, lakini kwanza tuimalize hiyo sentimita 10, maana ndiyo inayowaponza wengi.

Wenzako hawakukudanganya. Sentimita 10 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika kwa mtu mmoja anayetembea kwa miguu, chini ya hapo usikanyage kabisa. Ila wamesahau kukuambia kwamba kiwango hicho ni cha barafu mpya, ngumu na angavu, ile ambayo ukiitazama unaona weusi au ubuluu wa maji yaliyo chini yake. Barafu nyeupe kama maziwa ni jambo jingine. Hiyo imetokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina viputo vingi vya hewa ndani, na nguvu yake ni kama nusu ya ile angavu. Mimi nikipima huhesabu tabaka jeupe kwa nusu. Nikikuta sentimita 6 angavu na juu yake sentimita 6 nyeupe, rula itasema 12, lakini kwangu hiyo ni 9, na sivuki.

Kuna hesabu nyingine ambayo macho hayaioni. Uwezo wa barafu kubeba mzigo haupungui sawasawa na unene, unapungua kwa kipeo cha pili cha unene huo. Barafu ya sentimita 20 hubeba takribani mara nne ya ile ya 10. Geuza upande wa pili: ukitoka kwenye sentimita 10 ukaingia penye 7, hujapoteza theluthi ya nguvu, umepoteza nusu. Na hizo sentimita tatu zinaweza kupotea ndani ya hatua chache tu.

Zinapotelea wapi? Maji huwa mazito zaidi yakiwa kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi. Ziwa linapopoa, maji ya kiwango hicho huzama, na yale yaliyo baridi zaidi hubaki juu mpaka yakaganda. Ndiyo sababu ziwa huganda kuanzia juu, na ndiyo sababu samaki huishi chini humo msimu mzima bila shida. Lakini pale ambapo kitu chochote kinayachochea yale maji ya chini, uvuguvugu wake mdogo hupanda ukailamba barafu kwa ndani. Mto unapoingia ziwani na unapotoka, chemchemi za chini, mlango mwembamba kati ya ghuba mbili, chini ya daraja: sehemu zote hizo zihesabu kuwa nyembamba hata kama jirani yake ni nene. Matete, magogo na miamba inayochomoza nayo hunyonya joto la jua na kuidhoofisha barafu inayoizunguka. Theluji nayo ni blanketi: inazuia baridi isishuke, hivyo barafu iliyofunikwa kwa theluji nyingi huwa nyembamba kuliko ile iliyo wazi, na juu ya hilo inazificha nyufa.

Katika msimu wangu wa kwanza wa kufundisha watu kutembea juu ya barafu nilipita kando ya matete bila kugonga, kwa kuwa siku mbili kabla nilikuwa nimepima hatua kama 30 kutoka hapo na kupata sentimita 14. Mguu mmoja ulizama mpaka pajani. Nilikuwa na kundi la wanafunzi nyuma yangu. Tangu siku hiyo vipimo vya juzi sivitumii, wala vya hatua 30 kando.

Hapo ndipo mtaimbo unapoingia. Ni nondo ndefu, nzito, yenye ncha ya patasi, na iwe na kitanzi cha kamba cha kuvaa mkononi ili isikuponyoke ikatumbukia. Unatembea huku ukigonga mbele yako kwa nguvu kabla ya kuhamisha uzito. Barafu nzuri hujibu kwa mlio mkavu na mtaimbo hudunda. Iliyooza hutoa mlio mzito uliofifia. Ncha ikipenya kwa pigo la kwanza au la pili, simama, geuka taratibu, urudi kwa kukanyaga nyayo zako zilezile. Kila baada ya hatua 40 au 50 toboa tundu upime kwa rula yenye kikulabu mwishoni, kikulabu kikishika upande wa chini wa barafu ndipo usome. Mkitembea wawili au zaidi, achaneni mita kadhaa, msifuatane kama siafu.

Utasikia barafu ikinguruma na kulia kama waya uliokazwa, hasa jioni baridi inapozidi. Mara nyingi hiyo ni barafu inayojinyoosha na kujikunja kwa mabadiliko ya joto, si dalili ya kuvunjika. Kinachopaswa kukurudisha ufukoni ni nyufa mpya zinazotambaa kutoka miguuni pako, maji yanayopanda juu ya barafu, na mwisho wa msimu. Jua la mwisho wa msimu huigeuza barafu kuwa vijiti vilivyosimama wima, vimeshikana kwa shida. Inaweza kuwa na sentimita 30 na bado ikamwagika chini yako. Kwa barafu ya namna hiyo unene hauna maana tena, na mtu anayeanza asiikaribie.

Sasa tuseme umetumbukia. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada, ambaye kwa ajili ya utafiti amejiingiza mwenyewe kwenye maji ya baridi kali mara nyingi, anafundisha kanuni ya 1-10-1. Una kama dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na takribani saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya mwili kupoa. Wengi hudhani baridi huua papo hapo, wakahangaika na kuyameza maji katika dakika ile ya kwanza. Mshtuko utakufanya uheme kwa nguvu. Kazi yako ya kwanza ni kuweka kichwa juu ya maji na kungoja pumzi irudi, na jaketi la kuokolea maisha ndilo linalokupa dakika hiyo. Livae juu ya nguo zote, tangu ufukoni.

Pumzi ikitulia, geukia upande uliotokea, kwa sababu barafu ya upande huo ndiyo iliyokubeba hadi hapo. Shika misumari ya kujiokolea. Hivi ni vishikio viwili vya mbao au plastiki, kila kimoja kikiwa na msumari mkali, vilivyounganishwa kwa kamba inayopita shingoni. Kidole kilicholowa hakishiki barafu, msumari unashika. Uchome mbele, piga miguu kama mwogeleaji mpaka mwili ulale sambamba na maji, jivute kwa tumbo. Ukishatoka usisimame. Bingiria au tambaa mpaka ufike penye barafu iliyokubeba vizuri. Misumari hiyo ni bei ndogo kuliko fimbo yoyote, na unaweza kuitengeneza mwenyewe. Ikikaa ndani ya begi haina faida, iwe kifuani.

Mwenzako akitumbukia, usimkimbilie. Barafu iliyomshinda yeye itakushinda na wewe. Mwambie apige miguu, piga simu ya dharura, kisha ukiwa mbali mrushie kamba inayoelea, ya mita 15 au 20, au lala kifudifudi umsukumie ngazi au sleji, yaani kile chombo cha kuburuta mizigo juu ya theluji. Akitoka, mlaze, mvue nguo zilizolowa, mfunike kichwa na kiwiliwili kwa vitu vikavu. Akiwa na fahamu kamili mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, usimwache atembetembee, na pombe usimpe kabisa: hupanua mishipa ya ngozi na kuiba joto lililobaki. Hata akisema amepona, daktari amwone.

Mavazi sitayazungumzia sana. Vaa tabaka kwa tabaka, la ndani likiwa la sufu au kitambaa kinachokauka haraka. Pamba ikilowa kwa jasho inakupoza. Viatu visikubane, na vifunge njumu za chuma, kwa kuwa wanaovunjika mikono kwa kuteleza ni wengi. Simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji, karibu na mwili, maana baridi humaliza betri.

Baada ya hayo ndipo tunapofika kwenye uvuvi wenyewe. Keekee ya mkono inatosha kabisa kwa barafu ya chini ya sentimita 30, ilimradi visu vyake viwe vikali. Toboa tundu la kipenyo cha sentimita 15 hadi 20. Tundu la 25 ni mtego wa mguu, hasa kwa mtoto. Ukihama, simika tawi kando ya tundu uliloacha, maana litaganda ngozi nyembamba juu na theluji italificha. Fimbo iwe fupi, sentimita 60 hadi 90, kwa vile umeketi juu ya tundu lenyewe. Mshipi uwe mwembamba, milimita 0.15 hadi 0.20 kwa samaki wadogo, na chubwi ndogo yenye ndoana. Samaki wa maji baridi ni mzito wa mwendo, hafukuzi chambo. Teremsha hadi chini, pandisha sentimita 30, tikisa kidogo, tulia. Dakika 20 zikipita kimya, hamia tundu jingine. Beba pia upawa wenye matundu wa kuondolea vipande vya barafu. Kibali cha kuvua, na idadi ya mishipi inayoruhusiwa, ulizia kwa mamlaka ya ziwa lenyewe.

Kuhusu hema, siku utakapolinunua nunua pamoja na king'ora cha kaboni monoksaidi. Hita ya gesi au mafuta ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa hiyo isiyo na harufu wala rangi, na mtu husinzia tu asiamke. Acha matundu mawili wazi, moja chini na moja juu, hata kama upepo unauma. Ukianza kuumwa kichwa au kusikia kichefuchefu, usikae kujiuliza kama ni uchovu: toka nje kwanza, wavute na wenzako, hita uizime baadaye.

Kwa safari hii ya kwanza, waombe wenzako wakuonyeshe tundu la kupimia kabla hujapita ufukoni, na uweke rula mwenyewe. Wakikuambia walipima wiki iliyopita, waambie utawasubiri hapo hapo mpaka wapime upya.